Nafaka na malisho katika konde moja

Ardhi ya visiwa vyetu haiongezeki. Watu wanaongezeka, mifugo inaongezeka na majumba yanaongezeka, lakini ardhi ni ile ile aliyotujaalia Mwenyezi Mungu, imezungukwa na bahari pande zote. Hesabu ya watu ya mwaka 1978 ilitukuta tuko 476,111 katika Unguja na Pemba. Hesabu ya mwaka 2022 ilitukuta tuko 1,889,773. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka 44 tumekaribia kuwa mara nne ya vile tulivyokuwa, na leo kila kilomita moja ya mraba ya visiwa hivi inabeba zaidi ya watu 700. Zile eka tatu tatu ambazo familia nyingi zilipewa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 zimekwisha kurithiwa na watoto, na nyingine zimeshafika mikononi mwa wajukuu.

Katika hali hiyo huzuka ugomvi ambao kila sheha anaujua. Mkulima anataka konde lake litoe nafaka. Mfugaji anataka majani ya ng'ombe wake. Na mara nyingi mkulima na mfugaji ni mtu mmoja, anayegombana na nafsi yake: akipanda mahindi, ng'ombe atakula nini, akiacha majani, watoto watakula nini? Sisi tunasema kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Konde moja linaweza kulisha nyumba na kulisha banda, mradi nafaka ipandwe pamoja na mimea ya malisho iliyo ya jamii ya kunde, na mradi kila kinachotoka bandani kirudi kondeni.

Wako watakaouliza kwa nini tuhangaike na mahindi na mtama ilhali meli zinaleta mchele. Jawabu limekwisha kutolewa na dunia yenyewe. Mwaka 2022, vita vilipozuka baina ya Urusi na Ukraine, bei ya mbolea za viwandani ilipanda kila mahali. Mwezi wa Julai mwaka 2023 Serikali ya India ilipiga marufuku kusafirisha nje mchele mweupe usiokuwa wa basmati, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwezi wa Septemba mwaka 2024. Nchi iliyozuia mchele wake ilikuwa na haki ya kuwafikiria kwanza watu wake. Nasi tuna wajibu wa kuwafikiria watu wetu. Kisiwa kinachotegemea chombo cha mwenzake kwa chakula na kwa mbolea pia kimejifunga kamba mbili shingoni.

Jambo tunalolizungumzia si geni. Mzee yeyote wa shamba anajua kwamba mtama na mbaazi, muhogo na kunde, mahindi na fiwi vilipandwa pamoja tangu zamani. Lakini wazee wetu walipanda kunde kwa ajili ya chungu, wakala mbegu na majani yake, na ng'ombe akapata masalio tu. Linalotakiwa leo ni kuichagua mimea hiyo kwa kusudi la malisho pia, ikae na nafaka kwa mpango wa nafasi na wakati, bila ya mbolea ya kiwandani wala dawa ya sumu. Hicho ndicho kilimo hai, na chakula cha udongo katika kilimo hai ni lazima kizalishwe shambani penyewe.

Inafaa tueleze namna jambo hili linavyofanya kazi, kwani mtu hushika kwa nguvu lile analolielewa. Hewa tunayoivuta ina naitrojeni takriban asilimia 78, na naitrojeni ndiyo inayoyapa majani ya nafaka rangi yake ya kijani na nguvu yake. Lakini mahindi, mtama na mpunga haviwezi kuila ikiwa hewani. Nafaka ni mfano wa mtu aliyekaa kando ya bahari akafa kwa kiu. Mimea ya jamii ya kunde imejaaliwa vinginevyo. Katika mizizi yake huota vinundu, na ndani ya vinundu huishi vijidudu vinavyoikamata naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Mwaka 1888 mtaalamu wa Kiholanzi, Martinus Beijerinck, alifaulu kuvitenga vijidudu hivyo. Mkulima wetu hahitaji maabara ili kuvitambua. Na ang'oe kwa uangalifu mche wa fiwi au wa kunde wenye umri wa wiki 6 hivi, akipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kimenyauka, kazi haifanyiki.

Hata hivyo tusidanganyane. Wako wanaodhani kwamba mahindi yakikaa jirani na fiwi hunyonya mbolea kutoka kwake siku hiyo hiyo. Sivyo. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hubaki ndani ya fiwi mwenyewe, na huufikia udongo pale tu majani na mizizi yake inapooza, au pale ng'ombe anapoyala majani na samadi yake ikarejeshwa. Faida kubwa huonekana msimu unaofuata. Mkulima anayetaka kuona miujiza katika mvua moja atavunjika moyo bure. Mwenye subira ya misimu miwili au mitatu ataona tofauti kwa macho yake.

Tukija upande wa banda, hesabu ni wazi. Mabua makavu ya mahindi yana protini kiasi cha asilimia 3 hadi 6. Ng'ombe anahitaji malisho yenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi ili tumbo lake liweze kusaga vizuri. Kwa hiyo ng'ombe anayelishwa mabua matupu wakati wa kiangazi hushiba na hukonda kwa pamoja. Majani ya fiwi yana protini ya asilimia 15 hadi 25. Yakichanganywa na mabua yale yale yaliyokuwa yakitupwa au kuchomwa moto, mabua nayo hugeuka kuwa chakula. Mwenye ng'ombe wa maziwa anayelia na bei ya pumba na mashudu na alitafakari jambo hili.

Je, mimea ipi inafaa kwetu? Wa kwanza ni huyo fiwi. Anastahimili ukame, hubaki kijani baada ya mahindi kuvunwa, na mbegu zake huliwa na watu baada ya kupikwa vizuri. Wa pili ni mbaazi, ambayo huanza polepole na kuiachia nafaka nafasi yake, kisha husimama baada ya mavuno ikatoa mboga ya nyumbani na majani ya mbuzi. Wa tatu ni kunde zile zinazotambaa, ambazo hufunika ardhi upesi na kuyanyima magugu mwanga. Wa nne ni upupu. Tunajua kwamba jina hilo linawatisha wengi, na wana haki, kwa kuwa upupu wa mwituni unawasha. Lakini upupu wa kulimwa hauna vile vinyweleo vya kuwasha. Majani yake ni malisho mazuri ya ng'ombe, na zulia lake huyafunga magugu sugu. Mbegu zake zisiliwe ovyo na watu wala kuku, kwa sababu zina kemikali yenye madhara.

Namna ya kupanda si ngumu. Katika ardhi ya kinongo na kichanga, ambako mistari inawezekana, mahindi yapandwe mwanzo wa masika kwa mistari inayoachana sentimita 75 hadi 90. Fiwi asipandwe siku moja na mahindi, kwa kuwa ni mpandaji na atayavuta mahindi chini. Apandwe katikati ya mistari wiki 2 hadi 4 baada ya mahindi kuota, mara tu baada ya palizi ya kwanza. Hapo jembe limo kondeni tayari na kazi haizidi sana. Mahindi yatavunwa, fiwi atabaki akifunika ardhi wakati wa kipupwe, naye atakatwa kidogo kidogo kwa ajili ya banda, asing'olewe, ili mizizi ibaki na achipue tena. Katika ardhi ya uwanda na ya maweni, kama ile ya Makunduchi na Micheweni, ambako udongo umo katika mifuko baina ya mawe, mistari haina maana. Huko ipandwe kwa mashimo: shimo la mtama au mahindi, na pembeni yake shimo la mbaazi au kunde.

Kwa watu wa maweni jambo hili lina uzito wa pekee. Desturi ya huko ni kufyeka msitu, kuchoma moto, kulima misimu michache na kuhama. Zamani msitu ulipewa muda mrefu wa kupumzika na udongo ukarudi. Sasa watu ni wengi na mapumziko yamefupika. Moto nao huirudisha hewani naitrojeni iliyokusanywa na majani kwa miaka. Mimea ya jamii ya kunde haiwezi kuchukua nafasi ya msitu mzima, lakini inaweza kulifanya konde moja lilimike kwa misimu zaidi kabla ya kufyeka jingine. Kila konde linalodumu ni kipande cha msitu kilichookoka.

Tena tukumbuke maji. Maji tunayokunywa visiwani, kwa sehemu kubwa, yanatoka chini ya ardhi, na ardhi yetu katika maeneo mengi imelala juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu. Mbolea ya chumvichumvi inayomwagwa kupita kiasi huyeyuka na kushuka na mvua. Ikishuka, inakwenda visimani. Sisi tunaolima juu ndio tunaokunywa chini.

Wala hatuko peke yetu katika jambo hili. Katika mwambao wa Kenya, wenye mvua na joto linalofanana na letu, watafiti wa kituo cha kilimo cha Mtwapa wamejaribu mahindi pamoja na fiwi, upupu na malisho mengine ya jamii ya kunde kwa ajili ya wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kwa kushirikiana na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza, kilibuni katika miaka ya 1990 utaratibu uitwao vuta-sukuma. Desmodiamu, ambayo ni malisho ya jamii ya kunde, hupandwa baina ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza wa mabua. Mabingobingo hupandwa kuzunguka shamba, na harufu yake huwavuta nondo hao huko nje. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za gugu la kiduha na kisha kuzizuia zisijishike na mizizi ya mahindi, na gugu likafa kabla ya kuuma. Viwavijeshi vamizi, ambao walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017, wamepungua pia katika mashamba ya namna hiyo. Huko Ulaya, wakulima wa kilimo hai hupanda klova chini ya shayiri na ngano kwa shabaha hiyo hiyo ya malisho na udongo. Hatusemi tuige kila kitu. Desmodiamu hupenda mahali penye mvua ya kutosha, na mbegu yake ni ndogo mno. Kwanza ijaribiwe katika ardhi yetu ndipo igawiwe. Lakini anayesema kuwa jambo hili ni ndoto, amekwisha kujibiwa na majirani zake.

Sasa tuwageukie viongozi na watendaji, kwa kuwa mambo manne hayawezi kutengenezwa na jembe la mkulima peke yake.

La kwanza ni hesabu. Afisa anayehesabu magunia ya mahindi peke yake ataliona konde la mchanganyiko kuwa limeshindwa. Tuchukue mfano. Tuseme eka moja ya mahindi matupu inatoa magunia 10, na eka moja ya fiwi mtupu inatoa mizigo 100 ya majani. Vikipandwa pamoja katika eka moja, tuseme vinatoa magunia 8 na mizigo 50. Mahindi yamepungua, na mwenye haraka atasema ni hasara. Lakini magunia 8 ni kazi ya asilimia 80 ya eka, na mizigo 50 ni kazi ya nusu eka. Eka moja imefanya kazi ya eka moja na asilimia 30. Kwa nchi isiyokuwa na ardhi ya kuongeza, hiyo ni sawa na kuongezewa ardhi. Kwa hiyo taarifa za mabwana shamba na mabibi shamba zihesabu gunia, mzigo wa majani na lita ya maziwa kwa pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni mifugo. Desturi ya kuachia wanyama waingie makondeni baada ya mavuno ilifaa pale kondeni kulipobaki mabua tu. Fiwi aliyebaki kijani mwezi wa Agosti ni mali ya aliyempanda, kama mahindi yalivyokuwa mali yake mwezi wa Juni. Ikiwa ng'ombe wa jirani atayamaliza majani hayo kwa usiku mmoja na shauri likaishia kwa kupeana pole, hakuna mkulima atakayepanda mara ya pili. Masheha na kamati zao wakae na wakulima na wafugaji, wakubaliane tarehe na mipaka, na makubaliano yaandikwe. Ng'ombe wafungwe kamba, na majani yaletwe kwao.

La tatu ni ardhi ya kuazima. Wengi wetu tunalima chini ya minazi na mikarafuu ya watu wengine. Ada inajulikana: aliyeazimwa hupanda mazao ya msimu, wala hapandi mmea wa kudumu, kwa kuwa mmea wa kudumu hufanana na dai la umiliki. Ada hiyo imelinda amani kwa muda mrefu nasi hatuibezi. Lakini mbaazi husimama zaidi ya mwaka, na desmodiamu hukaa miaka kadhaa. Mwenye shamba akiogopa, atakataa. Na mkulima akiogopa kufukuzwa, hatautunza udongo asioujua kesho yake. Dawa yake si kelele. Ni hati fupi mbele ya sheha, yenye muda wa miaka 3 angalau, inayosema wazi kwamba malisho yaliyopandwa hayamfanyi aliyeazimwa kuwa mwenye ardhi.

La nne ni mbegu. Mahubiri yote haya ni upepo ikiwa mkulima hawezi kuipata mbegu kabla ya mvua. Tunalo shamba la utafiti la Kizimbani, na tunao vijana wanaosomea kilimo hapo hapo. Mbegu za fiwi, mbaazi na upupu wa kulimwa zizalishwe kwa wingi, zijaribiwe Unguja na Pemba, katika kinongo, kichanga, uwanda na maweni, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili chepesi. Kila shehia iwe na wakulima wachache wa kutunza mbegu, ili mwaka ambao mgao hautafika, shehia isilale.

Kwa mabonde ya mpunga, kama Cheju, Mtwango na Bumbwisudi, shauri ni tofauti kidogo. Mpunga ukiwa majini hauwezi kuchangamana na kunde. Lakini katika bonde la kutegemea mvua, mpunga ukishavunwa, udongo wa kinamo hubaki na unyevu kwa muda. Choroko, kunde au fiwi wanaweza kutupwa humo mara moja, wakatumia unyevu ule ambao vinginevyo hupotea kwa jua, na mpunga unaofuata ukakuta udongo umelishwa.

Kwa wakulima nao tuna neno. Atakayekata majani yote akawapa ng'ombe, kisha akaiacha samadi inyeshewe na kukauka juani, au akaiuza yote, ataunyonya udongo wake upesi kuliko aliyepanda mahindi matupu. Sehemu kubwa ya naitrojeni aliyoila ng'ombe hutoka tena katika kinyesi na mkojo. Mkojo unyweshwe majani makavu yaliyotandikwa bandani, rundo lifunikwe kwa makuti, na lirejeshwe kondeni kabla ya kupanda. Na wale wenye cheti cha kilimo hai kwa ajili ya viungo wanajua kwamba hawana ruhusa ya kutia urea katika mahindi yaliyomo ndani ya shamba hilo hilo. Kiwango cha Afrika Mashariki, kinachobeba alama ya Kilimohai, kinataka rutuba itoke katika mimea, samadi na mboji. Kwao fiwi na mbaazi ni njia ya kukitunza cheti chao.

Wakati wa kuanza ni mvua zijazo. Hatuombi kila mtu alibadilishe shamba lake lote. Tunaomba kila shehia ichague konde moja linaloonekana na wapita njia, nusu yake ipandwe mahindi matupu na nusu mahindi na fiwi, yapimwe magunia, mizigo na maziwa, na hesabu isomwe hadharani kwa misimu mitatu mfululizo. Wananchi wataamua wenyewe kwa walichokiona. Viongozi kwa upande wao wawe wamekwisha kutengeneza mambo ya mbegu, ya mifugo na ya ardhi ya kuazima, ili mkulima asije akaamua vizuri kisha akakwama. Jembe halimtupi mtu, lakini jembe nalo linataka mpango.